Sebule Kubwa Yataka Spika Gani? Usinunue kwa Macho!

Je, mpenzi msomaji, umewahi kualikwa katika nyumba mpya, ukaingia sebuleni na kukuta makochi ya ngozi, sakafu ya vigae inayong'aa kama kioo, na pembeni spika mbili ndefu kama watoto wa darasa la tano, kisha mwenyeji akafungulia muziki kwa furaha nawe usisikie hata neno moja la mwimbaji? Sauti ipo, tena tele. Vikombe vinatetemeka mezani. Lakini maneno yamemezwa na kuta. Mwenyeji anakupigia kelele, "Unaonaje?" nawe kwa adabu unajibu, "Hii ni moto wa kuotea mbali!"

Leo tuzungumze juu ya jambo hilo, kwa maana pesa zinazopotea hapo si haba. Spika za daraja la juu huuzwa kwa bei ya ng'ombe kadhaa, na nyingine kwa bei ya gari dogo la mtumba. Mtu akikosea hapo, hakosei kidogo. Nami somo hili sikulipata katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi. Nililipata nyumbani kwetu Chara, huko chini kwenye delta ya mto Tana, mahali ambapo pengine hukutarajia mtu azungumzie spika za kifahari.

NYUMBA YA MAMA

Kwa wasiofika kwetu: unatoka Mombasa kupitia Malindi mpaka Garsen, kisha unaiacha barabara kuu na kuingia nchi tambarare ya mpunga, miembe na migomba, ambamo mto hujipindapinda kabla ya kufika baharini. Tana ikijaa, barabara hupotea na watu husafiri kwa mitumbwi. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yalitufukuza, ya 2018 yakarudia, na yale ya mwisho wa 2023 yakaangusha ukuta mmoja wa nyumba ya zamani ya mama.

Sisi watoto tukachanga, tukamjengea nyumba ya mawe juu ya msingi unaofika kiunoni. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyesimamia ramani, naye alitaka sebule ambamo ukoo mzima ungeweza kuketi bila mtu kubaki barazani. Ikawa na urefu wa mita 9 na upana wa mita 6, paa la mabati limeinuka bila dari, vigae chini, madirisha makubwa ya vioo. Umeme wetu ni wa sola.

Mama alikuwa na ombi moja tu. Baba yetu, marehemu sasa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliacha kaseti moja iliyorekodiwa katika arusi ya dada yetu mwaka 1988, ambamo anampa bintiye wosia kwa muda wa dakika kumi hivi, na nyuma yake ngoma zinalia na akina mama wanapiga vigelegele. Hatuna sauti nyingine ya baba. Mama alisema kwamba siku ya kuhamia, ukoo ukiwa umekusanyika, tupige kaseti ile kila mtu asikie, hasa wajukuu ambao hawakumwona babu yao.

Kaka akasema, "Hilo niachieni mimi." Akarudi Mombasa, akanunua mtambo mpya wenye spika mbili zenye taa zinazobadilika rangi kwa kufuata mdundo. Ubavuni mwa katoni paliandikwa wati 12,000. Vijana walipoupakua kutoka kwenye pikapiki walipiga makofi.

Siku yenyewe watu zaidi ya hamsini walijaa sebuleni. Kaseti ikawekwa. Tulichokisikia kilikuwa ngurumo. Ngoma zilifunika kila kitu, na sauti ya baba ikatoka kama ya mtu anayesema akiwa ndani ya pipa. Kaka akaongeza sauti. Ikawa mbaya zaidi. Mama aliinamisha kichwa akisikiliza, kisha akasema kwa upole, "Zimeni tu, wanangu. Huyu mimi simjui."

Sitasahau uso wa kaka.

WATI ZA KWENYE KATONI

Baada ya wageni kuondoka, niliuzungusha ule mtambo nikasoma kibandiko cha nyuma. Pale paliandikwa kiasi cha umeme unaotumia: wati 90. Hebu fikiri, msomaji. Chombo kinachokula wati 90 kitatapikaje wati 12,000? Hata mwizi hawezi kuiba zaidi ya kilichomo ghalani.

Siri ni herufi nne ndogo zinazofuata ile tarakimu kubwa: PMPO. Hiki ni kipimo cha wauzaji, kisicho na kanuni inayokubaliwa na wahandisi, na kila kiwanda hukivuta kipendavyo. Kipimo cha kuamini ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo bila kupasua sauti. Mara nyingi wati elfu kadhaa za PMPO zikipimwa hivyo hubakia makumi machache. Basi ukiingia dukani, usisome mbele ya katoni. Geuza chombo, soma nyuma. Muuzaji akikukataza, mwage kwa heri.

Hata hivyo, nitakuambia jambo litakalokushangaza: wati zenyewe, hata zile za kweli, si kitu cha kwanza cha kuuliza. Swali la kwanza kuhusu spika ni hili: ukiipa wati moja tu, na ukasimama umbali wa mita moja, inatoa desibeli ngapi? Wahandisi hukiita kipimo hiki wepesi wa spika, na viwanda vyenye haya hukiandika katika kijitabu. Spika ndogo za rafuni nyingi huwa kati ya desibeli 84 na 88. Nyingi za kusimama sakafuni hukaribia au kupita 90. Zile za pembe, kama Klipschorn ambayo Mmarekani Paul Klipsch alianza kuiuza mwaka 1946 na ambayo inatengenezwa hadi leo, kiwanda huitangaza kuwa na desibeli 105.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini desibeli hazihesabiwi kama machungwa. Kila desibeli 3 zikiongezeka, ni sawa na kuongeza nguvu ya umeme mara mbili. Kwa hiyo spika ya desibeli 84 inahitaji wati 40 ili ifanye kazi ambayo ile ya desibeli 90 inaifanya kwa wati 10. Katika nyumba ya sola, au hata kwako mjini unakolipia tokeni, hesabu hiyo si mchezo.

Sasa ongeza umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Katika fleti ya kawaida, mtu huketi mita 2 kutoka kwa spika. Katika sebule ya mama, waliokaa nyuma walikuwa mita 7 au 8. Kuta husaidia kurudisha baadhi ya sauti, lakini kama utakavyoona, msaada wenyewe una sumu yake.

MATATU SI SEBULE

Kijana mmoja wa pale kwetu aliniuliza, "Mbona kwenye matatu spika ndogo hupiga besi hadi kifua kinauma?" Swali zuri sana. Matatu ni chumba kidogo kilichofungwa. Hewa iliyomo ni kidogo, na spika ikisukuma, hewa haina pa kukimbilia ila masikioni mwako. Sebule ya fleti ya mita 4 kwa 3.5 ina hewa ya karibu mita za ujazo 36. Ile ya mama, ukichanganya na mwinuko wa paa, inafika kama 190. Ni zaidi ya mara tano! Spika iliyotikisa fleti ya Buruburu au Kizingo itakuwa kama mtu anayepepea uwanja wa mpira kwa kipepeo cha jikoni.

Tena besi ndiyo ghali kuliko zote. Ukitaka spika itoe noti ya chini zaidi kwa oktavu moja, bila kupunguza ukubwa wa sauti, ni lazima isukume hewa mara nne zaidi. Ndiyo maana spika za kweli za chumba kikubwa huwa na koni pana ya inchi 10, 12 au 15, na sanduku la kutosha nyuma yake. Wazee wetu walilijua hili bila hesabu. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ilikuwa dude kubwa la mti, si kitoto cha ngoma. Maofisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua mwanzoni mwa karne iliyopita, na tangu 1908 imo katika hifadhi ya British Museum huko London, mbali na watu wake. (Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine, lakini sikuweza kupita bila kuyataja.)

Sanduku dogo linaloahidi besi kubwa hudanganya kwa njia moja: huinua sana noti chache za katikati ya besi, zile za kugonga kifua, na kuziacha nyingine. Sikio hudhani limesikia besi, kumbe limesikia noti moja inayorudiwa. Ndivyo mtambo wa kaka ulivyofanya. Kila ngoma katika kaseti ile, kubwa kwa ndogo, ilitoa mlio uleule, "Bum!" na kumfunika baba.

PIGA KOFI KWANZA

Kabla ya kununua spika yoyote, fanya jambo lisilo na gharama. Simama katikati ya sebule yako, upige kofi moja kali, kisha usikilize. Likikatika mara moja, una bahati. Likilia kama sarafu iliyoangushwa ndani ya birika, chumba chako kina mwangwi, na hakuna spika duniani, hata ya milioni moja, itakayokisemesha vizuri.

Sebule zetu za kisasa ni adui wa sauti. Vigae, simiti, vioo, mabati: vyote hivyo hurudisha sauti kama ukuta unavyorudisha mpira. Neno la kwanza halijaisha kuzunguka, la pili limetoka, la tatu linafuata, na yote yanakutana sikioni mwako kama abiria wanaogombania mlango mmoja. Nyumba ya zamani ya mama, ya udongo na makuti, haikuwa na shida hii hata kidogo. Makuti hunyonya sauti. Ndiyo maana redio ndogo ya baba yenye betri tatu ilisikika humo kila neno, taarifa ya habari na salamu za wasikilizaji.

Dawa yake ni vitu laini. Zulia nene au mikeka miwili mitatu mbele ya spika, mapazia mazito yenye mikunjo, makochi ya kitambaa badala ya ngozi, rafu ya vitabu ukutani. Vitabu visivyolingana kimo hutawanya sauti vizuri ajabu, kwa hiyo mwanafunzi usimruhusu mtu atupe vitabu vyako vya zamani! Sisi tulitundika mikeka mikubwa ya ukindu kwenye kuta mbili, kila mmoja tukiuacha na nafasi ya kiganja nyuma yake, tukatandika zulia, na fundi seremala akatuwekea dari ya mbao nyembamba yenye magunia juu yake. Dari hiyo ilitugharimu chini ya nusu ya bei ya ule mtambo wa taa, nayo ilibadilisha chumba kuliko kitu kingine chochote. Hata mazungumzo ya kawaida yakawa matamu. Watu wakaacha kupigiana kelele.

Vipimo vya chumba navyo vina neno. Kama hujajenga bado, epuka sebule ya mraba kamili, na hasa ile ambayo kimo chake ni nusu ya upana. Kwa joto letu la Pwani sauti husafiri kama mita 350 kwa sekunde. Chumba cha mita 6 kwa 6 chenye dari ya mita 3 hujirundikia nguvu katika mtetemo mmoja, ule wa karibu 58 kwa sekunde, kutoka pande zote tatu. Noti hiyo ikipigwa hujaa chumba kizima, na nyingine zinakufa. Vipimo visivyogawanyika kwa usawa huieneza shida hiyo hata isisikike sana.

FUMBA MACHO, FUNGUA MASIKIO

Basi tulimtafutia mama spika nyingine, na safari hii tulikwenda naye.

Hapa nataka nikusimulie kisa cha mwanasayansi mmoja. Floyd Toole wa Kanada alitumia miaka mingi kuwaweka wasikilizaji mbele ya pazia na kuwapigia spika mbalimbali wasizoziona. Aligundua kwamba watu wa kila aina, wataalamu na wasio wataalamu, wakisikiliza bila kuona hukubaliana kwa kiasi kikubwa: hupenda spika inayotoa noti zote kwa usawa, isiyoinua hizi na kuzama zile, na ambayo hufanya hivyo hata ukisimama kando. Mwaka 1994, yeye na mwenzake Sean Olive walionyesha upande wa pili wa mambo. Wasikilizaji walewale wakiruhusiwa kuziona spika, hukumu zao hubadilika. Kubwa na ya kupendeza hupata maksi za bure.

Kaka alihukumu kwa macho. Mama macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo alikuwa hakimu bora kuliko sisi sote.

Katika kila duka tulipiga vitu vitatu tunavyovijua kabisa. Cha kwanza, mtu anayesoma habari. Sauti ya mtu ndiyo mtihani mgumu kuliko yote, kwa sababu sisi sote tumeisikia tangu tumboni na hakuna anayeweza kutudanganya. Sikiliza herufi s, f, t na k. Hizo huishi juu, kati ya mitetemo 2,000 na 4,000 kwa sekunde na zaidi, na bila hizo "pata" na "paka" ni kitu kimoja. Tena mtu akizeeka, masikio yake huanza kupoteza sauti za juu kabla ya zile za chini. Ukimnunulia mzazi wako spika ya besi tupu, umempa kile alichonacho na kumnyima alichopungukiwa.

Cha pili, ngoma. Je, unaweza kutofautisha ngoma kubwa na ndogo, na kusikia ngozi ikiguswa na kiganja?

Cha tatu, mama anayembembeleza mtoto, kwa sauti ya chini kabisa. Wengi hupima spika kwa kuifungulia hadi mwisho. Mimi nakushauri uipunguze hadi karibu na kimya, kisha usikilize kama wimbo bado uko mzima. Kwa sisi wa Tana jambo hili lina uzito wake, kwani lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, ambao Meza Morowa Galana aliwasaidia watungaji kuupata mwaka 1963. Kitu kilichoimbiwa mtoto mmoja mgongoni kikaja kuimbwa na taifa zima wakisimama wima. Spika inayojua kupiga kelele tu haiwezi kukuonyesha hilo.

Mama alisikiliza jozi sita katika maduka matatu. Nne alizikataa kabla ya dakika moja kwisha. Moja ilikuwa ghali mno. Ya sita ilikuwa nzuri lakini ndogo. Muuzaji mwenyewe, mtu mkweli, alituambia kwamba kwa mita 9 itahema.

MTUMBA MWEMA

Mwishowe hatukununua dukani. Mzee mmoja wa Nyali alikuwa akihamia nyumba ndogo na alikuwa na jozi ya Tannoy za zamani, zenye koni ya inchi 15. Kampuni hii ya Uingereza ilianzishwa na Guy Fountain mwaka 1926, na tangu 1947 imekuwa ikitengeneza spika ambazo twita yake imewekwa katikati kabisa, ndani ya koni ya besi, hata sauti zote zitoke mahali pamoja kama zitokavyo kinywani mwa mtu. Wepesi wake hupita desibeli 90. Kwa sura ni makabati mawili ya mbao yasiyo na taa, na kaka alipoyaona mara ya kwanza aliuliza kama ni ya nguo. Bei tuliyopatana ilikuwa ya ng'ombe watatu wazuri wa Waorma.

Sisemi kila mtu anunue Tannoy, wala sisemi mtumba ni bora kuliko mpya. Ila chumba kikubwa kinaposhinda mfuko, mtumba wa daraja la juu huwa na thamani kuliko kipya cha daraja la chini, mradi uukague. Tazama ukingo unaoshika koni. Ukiwa wa sponji, hewa yetu ya joto na unyevu huumaliza. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano hupukutika kama mkate mkavu. Mpira hudumu zaidi, na kitambaa kilichokunjwa, kama kwenye hizi zetu, hudumu zaidi ya hapo. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotawanywa: isikwaruze. Tazama kama sanduku ni la mbao za kubanwa zilizonywa maji na kuvimba pembeni. Kagua kutu kwenye vishikio vya waya. Na kwa kwetu, gonga sanduku usikie kama mchwa hawajaanza chakula chao.

Amplifaya nayo isikutie kiwewe. Kwa spika nyepesi, wati 50 hadi 100 za kweli kwa kila upande zinatosha sebule kama yetu na bado zinabaki. Sisi tulichagua ya daraja D, ambayo hufikisha sehemu kubwa ya umeme kwenye spika, wakati zile za mtindo wa zamani hupoteza karibu nusu au zaidi kama joto. Jambo la kuangalia ni inveta: zile za bei rahisi hutoa umeme wenye ncha, na spika nzuri itakusikilizisha mlio wake "zzzz" usiku kucha. Nunua inayotoa wimbi safi.

Waya usikudanganye pia. Kuna maduka yanayouza waya wa spika kwa bei ya mkufu. Waya wa kawaida wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule ambao mafundi hutumia kwenye soketi za nyumba, unatosha kabisa. Lakini nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukikosea upande mmoja, spika moja itasukuma hewa huku nyingine ikivuta, na besi itapotea ukiwa unaitafuta. Nimeona mtu akirudisha spika nzima dukani kwa kosa hilo la dakika mbili.

Kuhusu mahali pa kuziweka: tulianza kwa kuzibandika ukutani, moja kila pembe, kama kila mtu afanyavyo. Besi ikarudi kuwa ngurumo, maana pembe ya chumba huikuza. Tukazivuta mbele kama mita moja kutoka ukuta wa nyuma, tukaziacha umbali wa mita 3.5 kati yake, na kiti cha mama tukakiweka mahali panapofanya pembetatu ya pande sawa. Twita ilingane na sikio la mtu aliyeketi. Songeza kwa shubiri moja moja, sikiliza, songeza tena. Sisi ilituchukua alasiri nzima, na watoto walidhani tumepagawa.

KASETI TENA

Ilibaki kaseti. Kabla ya kuipiga tulimpelekea fundi wa redio pale Malindi. Alisafisha kichwa cha deki kwa spiriti, kisha akakizungusha kidogo kwa skrubu ndogo iliyo kando yake huku akisikiliza, mpaka sauti iliyokuwa nzito ikafunguka. Kichwa kisipolingana na jinsi kaseti ilivyorekodiwa, sauti za juu zote hupotea, na pengine nusu ya lile "pipa" la siku ya kwanza lilitokea hapo. Halafu akainakili kwenye kompyuta na kutupa nakala tatu, kwa sababu utepe wa mwaka 1988 unaweza kukatika siku yoyote. Msomaji, kama una kaseti ya mzazi kabatini, usingoje.

Tuliipiga jioni ya Desemba, ukoo ukiwa umekusanyika tena, bila kuifungulia sana. Ngoma zilikuwa nyuma, mahali pake. Vigelegele vilisikika vikitokea upande wa kushoto, na shangazi mmoja akasema, "Huyo ni mimi!" Baba alianza kwa kukohoa, kama alivyokuwa akikohoa kabla ya kuita majina darasani. Mama hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba turudishe mahali fulani katikati. Tukarudisha. Kumbe baba aliponong'ona kando ya kipaza sauti, akidhani hakinasi, alikuwa amefanya mzaha kuhusu mahari aliyolipa mwenyewe kwa ajili ya mama. Miaka yote hiyo hatukujua kuwa maneno hayo yamo. Mama alicheka hadi akavua miwani.

Ule mtambo wa taa kaka aliuza kwa kijana mmoja wa Garsen anayepigia watu muziki kwenye sherehe za uwanjani, naye anaufurahia. Huko nje hakuna kuta za kurudisha ngurumo, na taa zake zinapendeza usiku.

Sasa linalotushughulisha ni mto. Makabati yale tumeyaweka juu ya jukwaa la saruji la kimo cha goti, na dari imeachiwa mlango wa kutosha kuyapitisha. Kila kabati lina watu wawili waliopangiwa kulibeba maji yakianza kupanda. Kaka mwenyewe, ijapokuwa anaishi Mombasa, amejiandikisha kwa lile la kulia.